Dakika Kumi na Moja

2 Februari

Dada mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Mimi na Chiriku tu wazima. Hofu ni kwako, uliyebaki peke yako.

Najua una hasira nami. Nilifunga karakana, nikagawa meza ya kukatia vioo na vifaa vyote vya marehemu, nikahama na mtoto bila kukuaga. Simu yangu huipati kwa sababu huku simu hazitumiki. Barua tunaruhusiwa. Unaiacha wazi mlangoni, Mkaguzi anaisoma, anaigonga muhuri, inakwenda. Usione ajabu, hatuna la kuficha.

Tuko watu mia moja na arobaini. Jengo letu lilikuwa kiwanda cha magodoro, na mpaka leo ukifagia pembeni unapata vipande vya sponji. Chiriku anaviokota anatengenezea wanasesere. Tunavaa kijivu. Mara tatu kwa siku tunakaa sakafuni na kufunga pumzi pamoja, na ukimya unaoingia humo ndani, dada, sijawahi kuuona popote. Tangu baba Chiriku afe nilikuwa siwezi kulala nikifikiria ile pumzi yake ya mwisho, jinsi ilivyotoka mbele yangu nikashindwa kuikamata. Hapa wanafundisha kwamba pumzi ya mwisho haipotei. Mama Pumzi, kiongozi wetu, ameziona zote, zimehifadhiwa mahali pamoja, kila moja na joto la mwenyewe. Nilipolisikia hilo nililala usingizi wa kwanza baada ya miezi mitano.

Sasa nina swali. Juzi Mama Pumzi alitusimulia tena tulikotoka. Alikuwa mwalimu wa hesabu, akapasuliwa kidole tumbo, akakata pumzi mezani. Alipozinduka, mwanamke aliyevaa kijani alimwinamia akamwambia: “Ulituacha dakika kumi na moja. Nilikuwa naitazama saa. Lazima una kazi hapa duniani.” Maneno hayo tunayasoma kila asubuhi. Mwanamke huyo tunamwita Shahidi, na picha yake imechorwa ukutani, ingawa sura hana.

Dada, wiki ile tulipomzika baba Chiriku ulinishika mkono ukanisimulia habari za mgonjwa wenu aliyerudi baada ya dakika kumi na moja. Ndiyo iliyonifanya nimtafute huyu mama niliposikia anahubiri dakika hizo hizo. Je, Shahidi ni wewe?

Mdogo wako


9 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, na ule muhuri wa Mkaguzi nimeuona. Basi na yeye namsalimu.

Mimi sijambo. Kazini ni kule kule, chumba cha upasuaji namba mbili, nafua mashuka ya kijani, nahesabu mikasi, nasukuma vitanda. Miguu inauma jioni lakini mshahara wa kusimama ndio huo.

Nafurahi kama umepata usingizi. Hilo nalisema kwa moyo mmoja, nilikuona ulivyokuwa unakonda.

Nina moja tu la kuuliza. Mlipohama ulisahau kwangu sanduku la dawa za Chiriku. Pampu yake ya pumu uliyo nayo lazima imekaribia kuisha. Nimenunua mbili mpya. Nizilete lini, na nimkabidhi nani? Niandikie haraka, hata mstari mmoja.

Hayo mengine ya Shahidi tutayaongea tukionana.

Dada yako


15 Februari

Dada,

Usijisumbue na pampu. Ya zamani niliiacha mlangoni siku tulipoingia, kwenye ndoo ambamo kila mtu huacha alichokuwa anaegemea. Kuna miwani humo, kuna mikongojo, kuna meno ya bandia ya mzee mmoja, anayacheka kila akipita. Tunafundishwa kwamba pumzi inayoombwa kwenye chupa si yako, na ya kwako inaona wivu inakuhama. Chiriku ana miaka tisa tu na tayari anafunga hadi hesabu ya arobaini. Wote wanamsifu.

Nami nimepewa kazi kubwa. Walipojua mimi ni fundi vioo, Mama Pumzi aliniita mwenyewe. Tarehe 30 Aprili ni Siku ya Kushusha. Siku hiyo ulimwengu utatoa pumzi yake ya mwisho, na walio nje watavuta wasipate kitu. Sisi tutakuwa ndani ya ukumbi mkubwa tukiishi kwa pumzi zetu wenyewe, saa kumi na moja kamili, saa moja kwa kila dakika aliyokuwa mbali. Ukumbi una madirisha kumi na mawili. Kazi yangu ni kuyaziba yote kwa silikoni pasipite hata uzi. Milango itazibwa na wengine.

Swali langu hukulijibu. Umelizunguka kama mtu anayeruka dimbwi. Niambie, ni wewe?

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Barua hii haipiti kwa Mkaguzi. Nimempa mama anayewaletea maziwa; tumejuana siku alipokuja kwetu kupasuliwa. Isome, kisha iharibu.

Watu wakiandikiana husema sisi wazima, hofu ni kwenu. Leo sithubutu. Tangu nisome habari ya madirisha, mikasi naihesabu mara mbili mbili.

Ndiyo, ni mimi. Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Yule mama alikata pumzi mezani kweli. Daktari wa usingizi alimrudisha. Nilikuwepo, nilishika taa. Jambo lenyewe lilikwisha kabla sijapata hata kuogopa. Jana nilimwomba mtunza kumbukumbu anitolee faili, nikaisoma karatasi ya usingizi kwa macho yangu: dakika moja na sekunde ishirini.

Saa yetu ya ukutani ilikuwa imekufa betri wiki nzima. Mishale ilikwama kwenye saa nne na dakika kumi na moja, na kila mtu aliingia akaitazama akatoka bila kujali.

Jioni ile nilimkuta wodini analia. Hakuna aliyekuja kumwona, si ndugu si mwanafunzi. Alisema hata angekufa pale mezani, shuleni wangejua siku ya mtihani tu, kwa kukosa msimamizi. Niliona huruma. Nilitaka ajione mtu. Nikamwinamia nikamwambia, wewe si wa mchezo, ulituacha dakika kumi na moja, nilikuwa naitazama saa. Namba ile niliitoa kwenye mishale iliyokwama. Ilikuwa ya kwanza kunijia. Akanishika mkono, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Basi. Nilienda zangu kufua mashuka. Sikumwona tena.

Na wewe nilikusimulia kwa sababu hiyo hiyo. Ulikuwa umekaa sakafuni na shati la marehemu puani, nikakosa la kusema. Uongo uliomfaa mmoja nikaona utamfaa na wa pili. Ndugu yangu, hiyo dini yenu imeota kwenye betri iliyokufa na huruma ya mfua mashuka. Hapana kingine.

Mchukue mtoto mtoke. Nisamehe ukiwa huku nje.

Dada yako


26 Februari

Dada,

Nimesoma barua yako chooni, nikaichana vipande, nikavimeza viwili vyenye jina la kazi yako. Unaona unavyonitia hatarini na yule mama wa maziwa, na jibu hili nalo lazima lipite kwake.

Mama Pumzi alishatuambia kwamba siku ikikaribia, Shahidi atashikwa na woga na kukana. Kwa hiyo nilikuwa nakungoja. Nakuuliza jambo moja tu: kama wewe ni mwongo, uliongopa lini? Siku ile ulipokuwa huna cha kupata, au leo unapotaka nirudi? Mtu aliyeniangalia machoni wiki ya msiba akaniongopea, nitamwaminije akiniandikia karatasi?

Na kama hakuna dakika kumi na moja, baba Chiriku yuko wapi? Nijibu hilo. Usiniambie yuko kaburini, nilikuwepo.

Naendelea na kazi. Madirisha manne yamekwisha.

Mdogo wako

Nilikuwa nimefunga barua, nimeifungua tena. Leo alfajiri Chiriku aliamka midomo ina rangi ya majivu. Alikaa ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na kifuani unasikia kama mlango wenye kutu. Nilimwambia ahesabu. Aliniambia, “Mama, namba zimeisha.” Baadaye alipata nafuu. Sijamwambia mtu yeyote. Dada, mwanangu siku hizi haongei kabisa. Wote tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi hata akila. Anasema maneno yanamla pumzi. Sijui kwa nini nakuandikia haya.


2 Machi

Kwako Mama Pumzi,

Mimi ndiye mhudumu niliyekuinamia wodini. Nakuandikia bila kuzunguka. Saa ilikuwa imesimama. Hukukaa dakika kumi na moja, ulikaa moja na kidogo, na karatasi ipo. Nilisema vile kwa kukuonea huruma, na kosa ni langu.

Huko kwako kuna mtoto wa miaka tisa, mpwa wangu, ana pumu tangu anyonye. Mkifunga ukumbi atakuwa wa kwanza kufa, na hatakuwa wa mwisho. Nimekwenda kituo cha polisi. Nimewaeleza. Nitarudi tena mpaka wachoke nami.

Mwachie mtoto. Hata kama huniamini, mwachie.

Mhudumu wa chumba namba mbili


5 Machi

Dada Shahidi,

Nimefurahi mpaka nimeketi chini. Miaka sita nimekuwa nikiyabeba maneno yako bila kujua nikushukuru wapi.

Unasema saa ilikuwa imesimama. Najua. Nililala chali chini yake nikisubiri kutiwa usingizi, na mishale haikusogea. Mimi ni mwalimu wa hesabu, jambo kama hilo siwezi kukosa kuliona. Lakini jiulize, dada: mishale inaweza kukwama mahali chungu nzima. Kwa nini ikwame pale? Na wewe uliyechoka, uliyekuwa na mashuka ya kufua, kwa nini usimame kitandani kwangu useme namba ile na si nyingine? Ulidhani unaongopa. Mtume wa barua halazimiki kujua kilichoandikwa ndani.

Kuhusu polisi, nakuarifu utaratibu wetu ili usije ukalaumu. Siku wakija kugonga, sisi tutaingia ukumbini siku hiyo hiyo na kufunga, tuwe tayari au tusiwe. Sikutishi. Kila mtu humu anajua hivyo na amekubali.

Mtoto sina haja ya kumzuia. Njoo tarehe 13 saa nne asubuhi. Vaa kijani chako cha kazini. Simama mbele ya watu wangu, sema maneno yale kama ulivyoyasema, usiongeze wala usipunguze. Ukimaliza, mama yake akiridhia, utaondoka na mtoto mkononi.

Amani ya pumzi,
Mama Pumzi


14 Machi

Mdogo wangu,

Chiriku yuko nami. Amelala kwenye kitanda changu, pampu ameishika kama peremende. Daktari wa watoto alimsikiliza mgongoni muda mrefu, akaniuliza mtoto alikuwa anaishi wapi. Amesema tungechelewa siku chache tu tungeongea mengine.

Sijui ulinionaje jana. Nitakwambia nilivyojiona mwenyewe. Nilipita getini na gauni langu la kijani lililopauka kwa jiki, na watu wazima wakashuka magoti. Kizee kimoja kiligusa pindo langu. Mimi, ninayetumwa ndoo na kila mtu. Nilipanda kwenye jukwaa, nikaona madirisha yako kumi na mawili, kazi safi, silikoni imenyooka kama imepigwa rula, na jasho likanishuka mpaka kwenye viatu. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba nikishasimama pale nitasema ukweli mbele ya wote. Kisha nikamwona Chiriku mstari wa mbele, shingo imeingia ndani kila anapovuta. Nikasema. “Ulituacha dakika kumi na moja. Nilikuwa naitazama saa.” Sauti haikuwa yangu.

Walilia wote. Na wewe ulilia, ukanitazama, ukanikabidhi mkono wa mtoto. Hapo ndipo nilipojua nimekupoteza. Barua yangu uliikataa, lakini uongo wangu umeuamini mbele ya macho yangu.

Polisi nilienda kabla, nilienda na baada. Afisa aliandika nusu ukurasa, akauliza kama kuna aliyekufa. Nikamwambia bado. Akasema watu wazima wana haki ya kukaa ndani ya nyumba yao na madirisha yamefungwa, hata yeye kwake hufunga kwa ajili ya mbu. Nilipomwambia watajifungia siku hiyo hiyo wakigongewa, alisema basi hiyo ndiyo sababu ya kutowagongea.

Usiingie tarehe 30. Nakuomba kwa jina la mama yetu. Jifanye mgonjwa, vunjika mguu, fanya lolote.

Dada yako


28 Aprili

Hujajibu wiki sita. Mama wa maziwa anasema geti halifunguliwi tena, anaacha madumu nje na mkono unatoka kuyachukua. Kesho kutwa ndiyo siku. Karatasi hii nimeifunga kwenye nailoni nikaibandika chini ya dumu. Chiriku ananiuliza utakuja lini. Kama unaisoma, toka. Kama huwezi kutoka, vunja kioo. Wewe ni fundi, unajua kinavunjikia wapi.

Dada


3 Mei

Dada yangu,

Mimi mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua umekuwa ukilisubiri.

Karatasi ya chini ya dumu niliipata. Ile ya tarehe 14 pia niliipata, lakini tangu siku uliyokuja Mkaguzi alikuwa hanibanduki kila nikikaribia geti, ndiyo maana sikuandika; hii inakuja chini ya dumu tupu. Uliyaelewa vibaya yale machozi yangu. Uliposimama pale jukwaani nilikuona. Nilimwona mtu anayesema jambo asiloliamini kwa sababu mtu mbele yake anaumia. Nikajiambia, basi hivi ndivyo alivyoonekana wodini, na hivi ndivyo alivyoonekana aliponishika mkono wiki ya msiba. Barua yako haikuweza kunionyesha, uso wako ulinionyesha. Ukumbi mzima uliamini dakika ile, na mimi dakika ile ile nikaacha. Nililia kwa sababu baba Chiriku alikufa upya.

Nilitaka kukufuata mpaka getini. Kisha nikatazama madirisha. Nilikuwa nimeyaziba mimi, kwa mkono wangu, na nyuma yangu walikuwa wamekaa watu mia moja na arobaini, wengine na watoto mapajani. Nikabaki.

Kwa wiki sita nilifanya kazi ya kuharibu kazi yangu. Kila dirisha nililikata silikoni sehemu ya juu kabisa, pale mtu aliye chini haoni, nikaacha pengo la upana wa kidole, nikalifunika kwa utepe wa rangi ile ile uliotobolewa kwa sindano. Mkaguzi akija ananikuta napapasa kwa kitambaa, nasema nasafisha. Kumi niliyamaliza. Mawili yaliyo juu ya jukwaa sikuyafikia, hayakosi mtu chini yake.

Siku yenyewe tuliingia saa kumi na mbili asubuhi. Milango ikazibwa kwa mbao, nguo mbichi na gundi. Mwanzo waliimba. Kufika saa sita mchana nyimbo zilikwisha, joto likawa kama la tanuri, kichwa kinagonga kama kuna mtu anapigilia misumari kwa ndani. Watu walianza kutapika kimya kimya kwenye mikono yao, wakiona aibu. Yule mzee wa meno alianguka na hakuna aliyemwinua, kwa sababu walifundishwa kwamba anayeanguka anapumzika. Nilikaa nimetazama juu kwenye mapengo yangu nikihesabu watoto. Hofu niliyoipata mle ndani siwezi kuiandika. Nilijua kidole kimoja cha hewa mara kumi huenda hakitoshi, na kwamba kama hakitoshi, muuaji ni mimi, fundi.

Saa tisa hivi Mama Pumzi alishuka jukwaani. Alikuwa amebadilika rangi. Alitembea ukutani akishika shika, akafika kwenye dirisha nililokaa chini yake, akasimama. Akainua uso. Nikaona nywele za kwenye paji lake zinatikisika kidogo. Alihisi upepo. Akanitazama muda mrefu. Hakurudi jukwaani tena. Alikaa pale pale chini ya pengo mpaka mwisho.

Saa kumi na moja jioni wakafungua. Hakuna aliyekufa. Hata yule mzee alizinduka uwanjani. Walitoka nje wakitambaa, wakaona jua lipo, miti ipo, mwenye duka la ng’ambo anapanga ndizi zake. Nikadhani sasa watagutuka. Dada, walifurahi. Walisema ulimwengu umehurumiwa kwa ajili yao. Walisema tumekaa saa kumi na moja bila hewa na tumeishi. Jana wameingia watu wapya thelathini na wawili. Mapengo yangu yamekuwa muujiza.

Na Mama Pumzi ametangaza siku ya pili, mwisho wa mwaka huu, saa ishirini na mbili. Aliniita pembeni baada ya ibada. Alinishika bega kwa upole akaniambia, “Safari ijayo, fundi, tuzibe vizuri zaidi.”

Sijui alimaanisha nini. Labda ananionya, labda ananishukuru. Labda na yeye anaogopa na hana wa kumwambia. Ninachojua ni kwamba nikitoka, wataweka fundi mwingine, na huyo atakuwa anaamini. Kwa hiyo sitoki. Usiipeleke barua hii popote. Wakigongewa mlango leo, madirisha yote nimeshaamriwa kuyaziba upya, nimeyaziba, na sijapata nafasi ya kuyafungua mapengo tena.

Watoto waliobaki ni sita. Mwambie Chiriku mama yuko kazini.

Mdogo wako


8 Mei

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaichoma kwenye sinki la kazini. Sikuipeleka popote. Ningeweza kukuamuru utoke kama mkubwa wako, na zamani ningefanya hivyo. Sasa sina ulimi huo. Kosa nililianzisha mimi, na wewe ndiye unayelala nalo.

Chiriku ameanza kuongea. Jana alimsimulia mama wa maziwa habari za mwanasesere wake kwa nusu saa bila kukohoa. Nilimwambia uko kazini. Aliuliza kazi gani, nikasema madirisha. Akaridhika.

Sasa nisikilize. Siku chache zilizopita Mama Pumzi aliniandikia. Anasema watu wapya wanamwuliza kila siku kama Shahidi ni mtu kweli. Anaomba nije kila mwezi nisimame na kusema maneno yale. Nimekaa siku mbili na karatasi yake. Kila nikisema, najua kuna mtu nje atasikia akaingia. Lakini kuna watoto sita. Nimemjibu: kila nikisema mara moja, naondoka na mtoto mmoja, pamoja na mama yake akitaka. Leo asubuhi jibu limekuja. Amekubali bila kubishana hata neno, na hilo ndilo lililonitisha kuliko angekataa.

Niandikie kila mtoto ana umri gani na yupi ana kikohozi. Nitaanza na huyo. Miezi sita inatosha, tukiwahi. Wewe endelea na mapengo.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Nilipokuwa jukwaani siku ile, nilipofika kwenye neno saa, niliiona. Niliiona ile saa ya ukutani, na mishale ilikuwa inatembea. Ilikuwa kitambo kidogo tu, kama mtu anayepita dirishani. Najua ilikuwa imekufa betri. Betri mpya niliitia mimi mwenyewe wiki iliyofuata, nilipanda kwenye kiti. Lakini niliiona inatembea, na nilijisikia vizuri, mdogo wangu, nilijisikia mtu. Tangu hapo naogopa kulala.

Kwa hiyo nakuomba. Nikija kila mwezi, kaa mahali uuone uso wangu. Siku utakayoniona nasema maneno yale bila kutetemeka, usinikabidhi mtoto yeyote. Nisukume nje, na geti lifungwe nyuma yangu.

Dada yako